Rufaa Niliyoishinda

Sehemu ya saba

Kwa wewe unayepanda gari hili leo, funga mkanda, nitakueleza kwa kifupi tulikotoka. Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wangu wananiita Mwalimu Breki, kwa sababu gari langu la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine chini ya mguu wangu, na hiyo ya kwangu ndiyo inayochakaa kwanza.

Mke wangu aliniacha. Sababu zake nilizieleza katika sehemu ya tatu na sitazirudia. Zinanikera mpaka sasa, hasa kwa kuwa nyingi zilikuwa za kweli.

Mahakama ya familia ikatugawia watoto. Binti wa miaka tisa akabaki kwangu, kwa kuwa shule yake iko hatua chache kutoka mlangoni pangu. Mdogo wake wa miaka minne akaenda kwa mama yake. Huyo mdogo tunamwita Gundi. Tangu ajue kutambaa alimganda dada yake, kila aendako naye yupo.

Jumamosi binti anakwenda kwa mama yake, Jumapili Gundi analetwa kwangu. Ndivyo tulivyoishi, na ninyi mlionifuata tangu mwanzo mnajua kwamba yalikuwa maisha yanayovumilika.

Mara ya mwisho mliniona kwenye dirisha la masijala, nikimuuliza karani kama uamuzi wa mahakama ya familia unaweza kupingwa. Karani hakuinua uso. Alisema, "Mambo ya nyumbani yanaishia hapa hapa, mzee. Ukitoka hapa ni kwa Mungu."

Nikaenda zangu nikiamini kwamba yamekwisha. Laiti ningeendelea kuamini hivyo, leo ningekuwa na binti yangu.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa na mwanafunzi mmoja mama wa makamo. Kazi yake ni uwakili. Watu wanamwogopa mahakamani, lakini kurudi nyuma kati ya koni mbili kulikuwa kumemshinda kwa wiki ya tatu sasa.

"Mwalimu, leo umenuna," alisema, huku akitafuta gia ya nyuma na kuipata ya tatu.

"Klachi kwanza, Wakili. Mpaka chini."

"Nimeshakanyaga. Nani kakuudhi?"

Nikamweleza habari za karani na Mungu wake. Akacheka mpaka gari likazimika.

"Karani kazi yake ni kugonga mihuri," alisema akiliwasha tena. "Mahakama ya familia ni mahakama kama nyingine, nayo ina ya juu yake. Una siku thelathini za kukata rufaa. Na hata zikipita, Mahakama Kuu ikiona kuna kasoro inaweza kuliita jalada na kulikagua yenyewe."

"Kwa hiyo wanaweza kuubadilisha ule uamuzi?"

"Wanaweza kuukubali, kuubadilisha au kuufuta kabisa. Ila sikiliza, Mwalimu." Akaachia usukani ili anionyeshe kwa mikono miwili, jambo nililomkataza mara hamsini. "Jalada likienda juu, linakwenda lote. Jaji hasomi ule ukurasa unaokuuma wewe peke yake. Unayoyalalamikia na yale uliyoridhika nayo, yote yanakuwa mezani."

Wakati huo gari lilikuwa linateleza lenyewe kuelekea koni ya kushoto, nami nikakanyaga breki yangu. Katika maneno yote yale nilibakiwa na neno moja, "wanaweza." Mengine yalinipita.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu sehemu ya kwanza. Mtaniuliza, mtu aliyeachiwa binti, na mwanawe wa kiume anamwona kila Jumapili, anakata rufaa ya nini? Kwenye hati ya kiapo niliandika kwamba ni kwa ajili ya ustawi wa watoto. Nilidanganya. Nilikata rufaa kwa sababu ya neno alilosema mtoto wa miaka minne.

Jumapili moja mchana, kabla sijakwenda kwa karani, Gundi alikuwa amekaa sakafuni kwangu, katika nyumba ile ile alimojifunza kutembea, amezungukwa na magari yake ya plastiki. Nikamletea chakula. Akanitazama kwa adabu, kama mgeni anavyomtazama mwenyeji wake.

"Baba, nataka kwenda nyumbani."

"Hapa ndipo nyumbani," nikamwambia.

"Hapa ni kwa Baba," akasema, akaendelea kusukuma gari lake.

Hakuwa na ubaya wowote, alisema anachokiona. Lakini jibu lile lilinikaa kooni wiki nzima. Nikajiona nimenyang'anywa hata nyumba, pamoja na kuwa ufunguo ninao mfukoni. Baada ya kusikia lile "wanaweza", somo la Wakili lililofuata, kabla hata hajawasha gari, nikamwambia aandike rufaa.

Mtu wa kwanza kunipinga alikuwa dada yangu. Yeye ni mshonaji, anashonea nyumbani kwangu, na ndiye anayekaa na binti nikiwa kazini. Siku nilipomwambia alikuwa anapiga pasi.

"Unataka nini hasa?" aliuliza.

"Nataka watoto wangu wote."

"Jumapili unao wote."

"Wiki ina siku ngapi, Dada?"

"Hizo siku nyingine wewe unafundisha watu kugonga koni. Huyo mdogo atashinda na nani? Na mimi?" Akageuza shati, akapiga pasi kola. "Mwenzio hajakata rufaa. Karidhika na alichopewa. Mtu aliyenyamaza, mwache anyamaze."

"Dada, wewe sheria huijui."

"Sheria siijui. Nakujua wewe."

Nikamwambia anipishe nichukue shati langu.

Hoja ya rufaa niliitoa mimi mwenyewe, tena niliitoa kwa majivuno. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Nilimwambia Wakili, hakimu wa chini amewakata watoto wangu vipande viwili, na mdogo bila dada yake hawi sawa. Wakili aliiandika, akaisoma, akavua miwani.

"Hoja ni nzuri," alisema. "Ni nzuri mno. Kasoro yake ni kwamba haisemi hao ndugu wakae pamoja wapi."

"Si uandike kwa baba yao."

"Nitaandika. Kuandika si kazi." Akanitazama. "Na jambo jingine. Jaji anaweza kutaka kumsikia binti faragha, bila wewe wala mama yake. Usimfundishe cha kusema."

"Mimi?"

"Wewe, Mwalimu. Nani mwingine?"

Nikamwahidi. Nilimwahidi nikiwa namaanisha, na ahadi ile ilidumu mpaka Alhamisi.

Nielewe, ndugu msomaji, hata kama hutanisamehe. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu imekuwa kuwaandaa watu kwa mtihani. Maswali ya watahini nayajua yote, na mpangilio wake naujua. Kumwacha mtu aende kwenye mtihani bila mazoezi, kwangu mimi huo ni ukatili. Sasa niambie ningemwachaje mwanangu mwenyewe aingie kwa jaji mikono mitupu?

Alhamisi baada ya shule nilimpeleka kiwanja cha mazoezi. Wanafunzi walikuwa wameondoka, koni ziko pale pale. Nikamketisha kiti cha mbele, nikachukua karatasi ya mtihani, nikaandika maswali nyuma yake.

"Una miaka mingapi?"

"Tisa."

"Jibu kamili."

"Nina miaka tisa, mheshimiwa."

"Unampenda mdogo wako?"

"Ndiyo."

"Ndiyo peke yake haitoshi."

"Nampenda mdogo wangu, na siwezi kukaa mbali naye."

"Hapo tulia kidogo. Mtazame machoni. Halafu endelea."

"Asipokuwepo silali vizuri."

"Safi."

Akafikiri kidogo. "Lakini Baba, mimi nalala vizuri."

"Hilo hawaulizi," nikamwambia.

Tulifanya hivyo siku tisa. Nilimwekea alama za sauti, za macho na za ukamilifu wa jibu. Siku ya tisa alipata zote, akashuka garini akaikimbilia koni ya mwisho na kurudi, anacheka. Nami nilijisikia fahari. Nilikaa ndani ya gari lile nikijiona baba bora kuliko wote ninaowajua.

Siku ya rufaa ilifika. Chumba namba nne cha Mahakama Kuu kina feni moja inayozunguka na nyingine inayotazama. Mama watoto alikuwa amekaa upande wa pili na sare yake ya maabara chini ya koti, kwa sababu alitoka kazini moja kwa moja. Wakili wake alikuwa mzee mmoja ambaye miwani yake imevunjika mkono mmoja, ukafungwa kwa uzi.

Yule mzee alisimama kwanza, akapinga hata kusikilizwa kwetu.

"Mheshimiwa, mahakama ya familia iliundwa ili watu wapatane karibu na makwao, mbele ya hakimu aliyewaona kwa macho yake. Kama kila uamuzi wake utaburutwa mpaka huku, hakuna mtoto atakayejua mwezi ujao analala wapi. Naomba mahakama hii iseme kwamba haiingilii jambo hili."

Wakili wangu akasimama. Mwanamke yule anayepanda juu ya koni kila wiki alisema kwa dakika kumi bila kuyumba. Alisema hakimu ni binadamu, na binadamu anaweza kumkosea mtoto kama anavyoweza kumkosea mwenye shamba. Mwenye shamba ana pa kwenda kulalamika. Kwa nini mtoto asiwe na pake?

Jaji alikuwa mama mfupi mwenye chupa ya maji ya moto mezani. Alimimina, akanywa, akafunga kifuniko.

"Mahakama ya familia ni mahakama," alisema. "Si sebule ya mtu. Ikikosea lazima pawe na mahali pa kuirekebisha, na mahali penyewe ni hapa. Mamlaka ninayo. Nitalisoma jalada lote."

Nilitamani karani wa masijala awepo asikie. Nilipanga kabisa kwamba nikitoka hapo nitapita dirishani kwake nimsalimie.

Kisha Jaji akasema anataka kuongea na mtoto mkubwa. Dada yangu, aliyekuwa nje naye, akamleta mlangoni. Binti akaingia ofisini kwa Jaji na soksi zake nyeupe, mlango ukafungwa.

Alikaa dakika thelathini na tano. Mtihani wa barabarani huchukua ishirini. Alipotoka alinitafuta kwa macho, akaniinulia kidole gumba.

Hukumu ikapangwa baada ya wiki mbili. Katika wiki hizo nilinunua kitanda kingine kidogo, nikakiunga mwenyewe, nikabakiwa na skrubu tatu ambazo sikujua zinakwenda wapi. Dada yangu alipita mlangoni mara mbili, akakitazama, akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ya hukumu Jaji alisoma kwa sauti ya chini, tukawa tunainama mbele kumsikia.

"Mkata rufaa amejenga hoja kwamba ndugu hawa wasitenganishwe. Nakubaliana naye. Hakimu wa chini alikosea kuwagawa. Uamuzi wake unatenguliwa na rufaa hii inakubaliwa."

Nilikuwa nimeshaanza kusimama. Wakili akanishika mkono, akanivuta chini.

"Mtoto mkubwa aliieleza mahakama, kwa maneno yaliyopangwa vizuri kupita umri wake, kwamba hawezi kukaa mbali na mdogo wake. Maneno hayo nimeyapima. Aliyoyasema baada ya hapo nimeyapima zaidi. Mtoto mdogo bado ni mdogo sana, na hakuna kilichoonyeshwa hapa kwamba mama yake hafai. Kwa hiyo watoto wote wawili watakaa kwa mama yao. Baba atakuwa nao mwisho wa juma la kwanza na la tatu la kila mwezi. Amri itekelezwe ndani ya siku saba."

Akafunga jalada. Mtu mmoja nyuma yetu alikohoa. Nilimgeukia Wakili.

"Tumeshinda?"

"Hoja imeshinda," alisema.

"Waambie hatukuomba hivyo."

"Nilikwambia siku ile kiwanjani kwamba linakuja jalada lote."

"Siku ile nilikuwa naangalia koni."

Hakunicheka. Nikamuuliza kama juu ya hapo kuna mwingine.

"Ipo Mahakama ya Rufani," alisema. "Lakini kule utatakiwa uonyeshe kosa la kisheria. Jaji huyu kosa lake ni lipi? Kakubaliana na wewe."

Nakala ya hukumu ninayo hapa ninapoandika. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, imeandikwa kwamba rufaa imekubaliwa. Ukimwonyesha mtu asiyejua kusoma zaidi ya pale, atanipongeza.

Sasa nije kwenye ubaya wangu mwenyewe, ambao hauna jaji wa kumlaumu.

Kwenye korido binti alinijia mbio, dada yangu nyuma yake.

"Baba, tumeshinda?"

Nilimuuliza, "Ulimwambia nini Jaji?"

"Yote tuliyofanya. Nilitulia pale pa kutulia."

"Na nini kingine?"

"Aliuliza maswali ambayo hatukuyafanya." Akaanza kuyahesabu kwa vidole. "Aliuliza Gundi akiamka analia anamwita nani. Nikasema anamwita Mama. Akauliza nani alinifundisha kujibu vizuri namna ile. Nikasema Baba ni mwalimu."

Korido ile ilikuwa imejaa watu. Mama watoto alikuwa anatoka mlangoni. Karani mmoja alikuwa anapita na toroli la majalada. Mbele yao wote nilimwambia mwanangu wa miaka tisa, "Umefeli. Umeniangusha."

Nimewaambia watu wazima wengi kwamba wamefeli. Wengine hulia, wengine hutukana, mmoja alinirushia kiatu. Binti yangu alifungua kifungo cha sweta yake, akakifunga tena. Dada yangu akamshika mkono wakashuka ngazi, na tangu saa ile dada huyo hajanisemesha zaidi ya salamu. Nimeandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna tena wa kumwambia.

Siku ya sita, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilimpeleka kwa mama yake.

Alifunga mizigo yake mwenyewe. Sare mbili, madaftari, mswaki, viatu vya michezo. Nilisahau kung'oa bango la L juu ya paa, tukaenda nalo hivyo hivyo, magari yakitupisha njia nzima. Alikaa kiti cha nyuma. Nilimtazama kwenye kioo mara nyingi kuliko ninavyowaruhusu wanafunzi wangu.

"Shule utachelewa kidogo siku za mwanzo," nikamwambia. "Ni mbali kutoka kwa Mama."

"Sawa, Baba."

"Utaizoea."

"Sawa."

Mama watoto anakaa ghorofa ya pili. Kabla sijagonga, mlango ulifunguka, Gundi akapita katikati ya miguu yangu bila kuniona, akamkumbatia dada yake gotini. Wakaingia chumbani hivyo, mmoja anatembea, mwingine anaburutwa.

Niliweka begi chini nikageuka niondoke.

"Ingia," alisema mama yao. "Kaa."

Tangu tuachane sikuwa nimekaa kwenye kiti chake. Sebuleni kulikuwa na maboksi manne yamefungwa kwa gundi ya karatasi, na rafu ya vitabu ilikuwa tupu.

"Unahama?" nikamuuliza. Nilidhani anawapeleka mbali.

Akanipa barua. "Soma."

Ilikuwa barua ya kumteua kwenye kozi ya wataalamu wa maabara. Miaka miwili, mji mwingine, malazi bwenini, familia haziruhusiwi. Kozi ilikuwa inaanza mwezi ujao. Nikatazama tarehe ya barua, nikaitazama tena.

"Hii ilikuja lini?"

"Wiki moja kabla ya karatasi zako za rufaa." Aliongea bila kupandisha sauti, kama anayemsomea mgonjwa majibu ya vipimo. "Nilipanga nije kwako Jumapili ile, nikuombe ukae na Gundi mpaka nimalize. Ijumaa kabla yake nilishinda siku nzima natafuta maneno ya kukuomba, maana unajua tulivyoachana. Mlango ukagongwa. Nikafungua, nikakuta mtu wa mahakama na bahasha yako."

Watoto wote wawili, nyumbani kwangu, miaka miwili. Walikuwa njiani wanakuja, na mimi nikawakata njia.

"Kwa nini hukusema mbele ya Jaji?" nikauliza.

"Ningesema nini, baba watoto? Ukurasa wa tatu wa kiapo chako umeniita mama wa zamu, asiyejua mwanawe kala nini. Nisimame niseme mtu aliyeandika hayo ndiye niliyetaka kumwachia mwanangu?"

"Wakili ndiye aliyeandika."

"Saini ni ya nani?"

Ilikuwa ya kwangu. Nikarudisha barua mezani, nikainyoosha mikunjo. Chumbani Gundi alikuwa anacheka.

"Nimemuuliza mzee wangu wa miwani," aliendelea. "Anasema amri za watoto hazifungwi daima. Hali ikibadilika, na sisi wawili tukikubaliana kwa maandishi, tunamrudia Jaji. Wote wawili wakae kwako mpaka nimalize kozi."

Nilinyanyua kichwa. Nadhani furaha ilionekana usoni, kwa sababu aliinua mkono kunituliza.

"Nipe nisaini," nikasema. "Hata sasa hivi."

"Subiri. Jaji atamwita binti tena, peke yake, mlango umefungwa. Mzee amenihakikishia. Na safari hii nataka nijue anachotaka mwenyewe kabla hajaingia mle. Akisema anataka kwako, nasaini. Akisema anataka kukaa na mimi, nawaandikia watu wa kozi wamchukue mwingine, na sitakulaumu wala sitamlaumu." Akakaa kiti cha mbele yangu, magoti karibu yagusane. "Muulize. Hapa hapa, nikisikia. Usimsaidie."

Niliita. Binti akaja, Gundi kamning'inia mkononi. Nikapiga goti sakafuni ili tulingane.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi na mama yako tunataka kukuuliza jambo moja. Tunataka kujua unapenda kukaa wapi. Hakuna atakayekasirika. Jibu lolote ni sawa."

Aliutoa mkono wake taratibu kwa mdogo wake. Akasimama wima, akaweka mikono pembeni, akanitazama machoni. Akatulia kidogo.

"Baba, hili hatujalifanya," alisema. "Niseme nini?"